Kukata Kontrolere: sasa, kesho, ao hapana

Kila siku munaniimbia wimbo moja: Nkambo, mama muzee, andika ile habari ya imbwa ya Jeannine. Niandike na akili gani? Minyi masomo niliachia ku tatu ya primaire, siku yenye mwalimu alinikuta nalala akaona heri asiniamshe. Na ninyi bote mulikuwa pale ku banc, bote mulikunywa kahawa, bote mulifungula kinywa. Juu ya nini mukono yangu njo ichoke? Lakini najua. Mumoja wenu akiandika, ataruka pale penye yeye mwenyewe alisema ujinga, na karatasi itabakia nyeupe. Bon. Minyi nilikuwa na mikate mu mafuta, sikuwa na nafasi ya ujinga. Musome. Asiyependa hii karatasi, afungie nayo mikate.

Banc yenyewe, kiti yetu ya kukaa hapa Kamina, iko ku kona, pale barabara ya soko inakata reli. Ni traverse moja ya zamani, ile mbao nzito yenye kunuka mafuta ya train, balipandisha juu ya matofari. Tata moja, jina yake Dunia, anauzishaka pale kahawa, na minyi niko pembeni yake na karai yangu. Tunamuitaka Sukari-Kidogo, na muntu akionja kahawa yake haulize tena juu ya nini. Baba yake alitoka Maniema na biashara ya chumvi. Yeye ni Muislamu, imbwa haimuguse hata pindo ya nguo, lakini hakuna kitu ya imbwa yenye hajue. Ku mwisho ya banc kunakaaka Florent, cheminot, muntu wa reli, alifanya kazi ya kufunga na kufungula wagon mpaka pension. Yeye tunamuita Tampon, ni kile chuma ya mbele ya wagon chenye kugongana, juu hakuna neno inapita mbele yake bila kuigonga. Katikati yabo iko Kabeya, tunamuita Avoka, mwanasheria. Avoka hakusomea sheria. Sheria njo ilimusoma yeye, mara mbili, na mara zote alirudia ku nyumba mwembamba.

Sasa Jeannine. Jeannine ni mujane. Bwana yake, naye cheminot, alimuachia lupango kubwa, kiwanja na nyumba ndani, nyuma ya gare ya train, na ukuta ya matofari. Mihindi yenye kushuka na train toka Kaniama inalalaka kwake, kwa malipo, mpaka benyewe bapate wa kununua. Hiyo njo bukari ya batoto yake, ugali yabo, hakuna ingine. Ku mulango iko imbwa, Kontrolere, jina ya mwenye kuangalia tiketi mu train, kifua sawa ngoma, hakuna muntu anapita bila kunuswa viatu. Ubaya yake ni moja. Toka alianza kujua kama yeye ni mwanaume, kila imbwa mwanamuke ikitaka bwana mahali fulani mu cité, Kontrolere anaruka ukuta, anapotea, anarudia na sikio yenye kupasuka na tumbo yenye kulia. Musimu yenye ilipita alipotea vile, bezi balibomoa ukuta, baliingia, balibeba magunia. Jeannine aliuzisha mashini yake ya kushona juu ya kulipa. Benye mihindi habakupiga kelele. Balisema polepole: «Mama, ikitokea tena, tutatafuta lupango ingine.» Kusema polepole njo ilimuogopesha.

Asubuhi moja anafika ku banc, anasalimia, Kontrolere nyuma yake na kamba ku shingo.

— Muamuke, batata. Nkambo, muamuke. Dokteri wa nyama amefika toka Kaniama, iko ku commune, ofisi ya mji, anachoma imbwa sindano ya kichaa. Ameniambia anaweza kumukata huyu makende kesho, mbele arudie kwabo. Ninyi muko na miaka. Nimukate, ao nimuache? Na kama ni kukata, ni sasa, ao ningoje?

Ile njo ilikuwa kosa yake ya kwanza. Banc haiulizwe maswali mbili siku moja.

— Kumukata! — Tampon aliweka kikombe chini. — Mama Jeannine, imbwa ni locomotive. Moto yake iko wapi? Iko kule chini. Ukizima moto, hakuna mvuke. Bila mvuke, hakuna filimbi. Mwizi atakuya, Kontrolere atafungula kinywa, na itatoka sauti ya mbuzi.

— Sauti ni kitu kidogo, — Dunia akasema. — Sema meno. Nguvu ya meno inatokaka pale pale. Kule Kasongo balikata imbwa moja, kisha siku kidogo ilishindwa mufupa ya samaki. Ya samaki, ndugu zangu.

— Minyi niko na swali ya sheria, — Avoka akasema. — Mwenyewe alikubali?

— Mwenyewe nani?

— Kontrolere.

— Tata Kabeya, ni imbwa, — Jeannine akasema.

— Ni mwanaume! Leo unamukata yeye juu alitoka bila ruhusa. Kesho bamama ba Kamina bote batasikia. Shiye tutalala wapi? Mwenzako akinyolewa, weye tia maji.

— Avoka, — nikamuambia, — kama banaume benye kutoka bila ruhusa bangekatwa, ku hii banc kungebakia sufuria tu.

— Nkambo, minyi sitokake, — Dunia akasema mbio.

— Hautoke, ni kweli. Sawa sukari yako mu kopo.

Balicheka. Jeannine hakucheka. Alikuwa anaangalia upande ya gare sawa muntu mwenye kusikia train yenye haijafika.

— Bon, — akasema. — Tuseme namukata. Wakati gani? Iko na mwaka moja na kipande. Jirani ananiambia ni mapema, mwingine ananiambia nilichelewa.

— Samaki unaikunja ingali mubichi, — Dunia akasema. — Ungemukata siku yenye alifungula macho.

— Weye unasema samaki, huyu iko na mifupa! — Tampon huyo. — Ukikata imbwa mbele imalize kukua, inabakia sawa wagon yenye haina kuta: miguu mirefu, juu hakuna kitu.

— Haraka haraka haina baraka, — Avoka akasema. — Angoje azale kwanza. Muntu hapewe pension mbele ya kazi. Mumuache apate batoto, mara moja, roho itulie. Kisha umukate, hatakuwa na kilio.

— Avoka, — nikamuuliza, — muntu mwenye kuonja lutuku, ile pombe kali, mara moja, roho yake inatuliaka?

— Nkambo, ile ni dossier ya kesi ingine.

— Na mwezi? — Dunia aliinua kijiko. — Munasahau mwezi! Mwezi ikiwa inakua, ukikata kitu, na yenyewe inakua tena. Kule Kasongo, ile imbwa...

— Ile ya mufupa ya samaki?

— Ingine. Ile balikata na mwezi changa. Zikarudia. Tatu.

— Tatu?

— Tatu. Mwenye kuniambia ni muntu wa sala tano kwa siku, hawezi kudanganya.

Tampon aligeuka kuangalia Kontrolere nyuma, sawa vile balikuwa bamemuambia ahesabu mbele na kisha. Kontrolere alikaa juu ya kamba yake, akajikuna.

— Minyi nitawaambia yenye niliona na macho yangu, — Avoka akasema, na mara ile nilijua hakuona kitu. — Kulikuwa imbwa ku kambi moja ya baaskari. Mukali. Balimukata. Imbwa zingine zilimunusa, habari ikatembea toka kambi mpaka soko. Kwa haya yake akaacha kubweka. Akaanza kuenda misa ya asubuhi. Anakaa upande ya bamama, analala chini, misa ikiisha anatoka wa mwisho. Hata padri alimuzoea.

— Na sadaka alitoa?

— Minyi sikuwa ndani ya kanisa.

— Njo maana haukuona.

Jeannine alivuta kamba.

— Minyi nawauliza juu ya mihindi, — akasema, — ninyi munanijibu juu ya misa. Gunia zikishuka na huyu hayuko, kesho yake minyi niko barabarani na batoto. Hiyo njo swali. Hakuna ingine.

Dunia alipangusa kijiko. Hata Tampon alitafuta kitu mu kikombe.

Wakati ile ile dokteri mwenyewe anafika, glacière, sanduku ya baridi ya sindano, ku bega, botte zenye matope mpaka ku magoti. Banaume balikuwa banangojea muzee mwenye tumbo. Ilikuwa binti, Chloé, bazazi yake banachunga ngombe kule Kaniama. Alisalimia bote, alikaa ku kipande ya banc yenye ilibakia, akauliza kahawa na mukate. Balimueleza ile mambo yote, kila mumoja ya kwake, ile ya moto, ile ya meno, ile ya mwezi, ile ya padri. Binti anakula, anasikiliza. Alipomaliza mukate alipangusa vidole.

— Samahani, batata. Kati yenu, nani alishakuwa na imbwa yenye balikata?

Dunia alianza kukoroga kahawa yenye ilikuwa imeisha kukorogwa. Tampon alikohoa.

— Ao alishaona moja tu? Na macho?

— Swali haikuulizwa mu njia ya sheria, — Avoka akasema, lakini na sauti ya chini.

Chloé akageukia Jeannine.

— Mama, sauti inabakia. Meno inabakia. Imbwa inalindaka na pua na masikio, na juu inajua kama ile ni kwabo. Hailinde na makende. Chenye kinapunguka ni ile ya kuruka ukuta kufuata banamuke. Nasema kinapunguka. Alisha kuzoea kutoka, inaweza kubakia kidogo ya mazoea. Siwezi kukuapia.

— Na wakati?

— Kama alikuwa mutoto bado anarefuka, ningekuambia ungoje. Huyu alisha kumaliza kukua. Iko mugonjwa? Anakula muzuri?

— Anakula kuliko minyi.

— Mihindi inaanza kushuka wakati gani?

— Mvua kubwa ikiisha.

— Basi sasa njo wakati. Ukingoja gunia zifike, utakuwa na imbwa yenye kidonda na lupango yenye kujaa.

Muliona? Ile banc yote na mwezi yabo na Kasongo yabo, hakuna hata mumoja alikuwa ameuliza mihindi inashuka lini.

— Mais sikiliza muzuri, mama, — binti akasema. — Kidonda kinapona mbio. Ile tamaa haitoke siku yenye nakata. Inabakia mu damu, mu mwili, inatoka polepole, wiki kwa wiki. Hata mimba anaweza kutia bado. Afungwe mpaka minyi nirudie kumuangalia. Kamba isitoke.

— Hata akilia?

— Hata akiimba.

Kesho yake Kontrolere alikatwa, nyuma ya commune, ku kivuli. Balimuchoma sindano ya usingizi, Jeannine alishika kichwa. Mangaribi alirudia anatembea sawa mujomba mwenye kutoka ku matanga, na ku shingo bidon ya plastiki ya mafuta ya kula yenye balikata mukundu, juu asilambe kidonda. Banc yote ilikuya kumutembelea. Dunia alisimama mbali, akauliza kama makende ziliisha kuanza kurudia. Kontrolere alimubwekea. Sauti ilikuwa ile ile, na Dunia alirudia nyuma mpaka mu bustani ya sombe, yale majani ya muhogo. Nilikuwa pale. Hakuna mwenye kusema tena habari ya mbuzi.

Kisha siku kidogo Jeannine alipaswa kupanda train ya Kaniama. Alitaka kuona benye mihindi na macho, kubaambia ukuta imejengwa tena, imbwa imekatwa, basitafute lupango ingine. Imbwa alimuachia Tampon, juu lupango zabo zinagusana.

— Tata Florent, maji asubuhi na mangaribi. Bukari ku mikono yako, siyo chini. Na kamba usifungule.

— Mama Jeannine, minyi? Miaka yangu yote ku reli sikufungula kitu bila ruhusa.

— Njo maana nakuachia weye.

Train ikatoka. Na ile wiki, batakatifu bote bashuhudie, imbwa ya Avoka, Bijou, yenye anafungaka ng'ambo ya reli, ikaanza kutaka bwana. Upepo ilileta habari. Kontrolere akaanza kulia.

— Analia asubuhi, analia mangaribi, — Tampon akasema ku banc, macho mekundu. — Mathilde amesema nichague: bibi ao imbwa.

— Na juu ya nini amefungwa bado? — Avoka akauliza. — Hukumu ilisha kufanyika. Mulimukata, ndiyo ao hapana? Sheria inakataza kufunga muntu mara mbili juu ya kosa moja.

— Na mwezi sasa inapunguka, — Dunia akasema. — Hakuna hatari.

— Njo vile nasema na minyi! — Tampon akapata nguvu. — Moto ilisha kuzimwa. Locomotive ya baridi haitembee. Kufunga locomotive ya baridi ni kazi ya bure.

— Tampon, — nikasema, — dokteri alisema kamba isitoke.

— Nkambo, ule ni mutoto wa juzi. Minyi nilikuwa nafunga wagon mbele mama yake aolewe. Asiyejua maana haambiwe maana.

— Weye uliambiwa. Kwa hiyo unajua.

Alikunywa kahawa yote na masimbi yake ya chini, akaondoka na ile mwendo ya muntu mwenye kuenda kurekebisha dunia.

Yenye ilifuata, Mathilde bibi yake njo alinielezea, na Mathilde haongeze chumvi, juu hata mu supu anasahauka. Bwana yake alifungula kamba. Kontrolere hakutoka. Alikaa chini, akamuangalia, sawa mufungwa mwenye kuona mulango wazi na kuzani ni mutego. Tampon akacheka.

— Mathilde! Kuya uone! Sikukuambia? Baridi!

Mathilde anapofika ku mulango, imbwa alikuwa alisha kupita juu ya ukuta.

Muchana kati, soko yote ikaona bidon ya mafuta yenye kukimbia. Iliruka ndoo ya samaki, ilipita kati ya miguu ya bamama ba dagaa, ilikata reli. Avoka alikuwa ku banc ananifundisha haki ya mufungwa. Bidon ikapita mbele yake, inaelekea kwake.

— Ile ni... — akasema.

— Ile ni haki ya mufungwa, — nikamuambia.

Alikimbia. Muzee wa magoti mabaya, lakini alikimbia. Alichelewa. Alikuta Kontrolere na Bijou bameisha kufungana, mukia kwa mukia, mu lupango yake, mbele ya bibi yake, mbele ya batoto, na mbele ya shemasi mwenye alikuya kuuliza muchango ya paa ya kanisa. Shemasi alikuwa anaangalia paa ya nyumba.

Na kidonda kikafunguka. Ile njo yenye haikuchekesha. Kontrolere alirudia anatoka damu, akalala, hakugusa bukari. Jeannine anashuka ku train na uso ya furaha, juu benye mihindi balikubali, gunia za kwanza zitakuya na train yenye kufuata. Anafungula mulango, anakuta imbwa mu jikoni, tumbo ya chini imevimba, na Tampon pembeni yake na kitambaa ya maji ya chumvi.

Balituma mwenye pikipiki kumuita Chloé. Alifika, alisafisha, alishona tena, alichoma sindano. Kisha akasema: — Atapona. Mais sasa asikanyage inje mpaka nyama ifunge kabisa. Akiruka tena, sitamushona, nitamuzika.

— Na mihindi yangu? — Jeannine akauliza. — Inafika wiki hii.

Binti alifunga glacière yake.

Tulikutana bote ku banc. Hakuna mwenye kuita kikao, lakini muntu akisikia harufu ya kosa anakuyaka mwenyewe. Avoka alisimama wa kwanza, na shati ya kanisa.

— Nauliza mbuzi moja, — akasema. — Bijou iko na mimba. Kwa binti ya muntu, familia ya kijana inaleta mbuzi. Na tena nauliza dokteri ajieleze: alikata nini? Juu ile yenye niliona kwangu haikukatwa.

— Niliwaambia atafungwa mpaka nirudie, — Chloé akasema. — Nani alifungula kamba?

Dunia akaanza kumimina kahawa yenye hakuna muntu aliuliza, na ilikuwa tamu. Pale njo nilijua na yeye roho inamuchoma.

— Ni minyi, — Tampon akasema. — Lakini munielezee! Moto ilikuwa imezimwa. Dokteri mwenyewe alizima. Locomotive ya baridi inatembea namna gani?

Chloé alifungula kinywa. Jeannine alimugusa mukono, ajibu yeye.

— Tata Florent. Kule ku triage, penye mulikuwa munapanga wagon. Locomotive inasukuma wagon, kisha unaikata toka ku locomotive. Wagon inasimama pale pale?

Tampon akaangalia mukono yake ya kushoto. Kamina yote inajua vidole mbili za ule mukono zilibakia ku triage, na inajua tena kama hakuna locomotive ilizibeba. Ilikuwa wagon peke yake, bila moto, bila kelele, inakuya polepole.

— Inatembea, — akasema.

— Mpaka wapi?

— Mpaka nguvu yenye balisukuma nayo iishe. Ao mpaka muntu aweke frein, ile breki.

— Na frein ilikuwa nini?

— Kamba.

— Weye, kati ya bantu bote ba Kamina, — Jeannine akasema. Hakuinua sauti. Ilikuwa mubaya kupita kelele. — Bwana yangu alikuwa ananielezaka desturi yenu. Muntu akiacha wagon bila frein, mulikuwa munamufanyia nini?

— Mama Jeannine...

— Sema, Tampon, — nikamuambia. — Kila siku maneno inakutoka bila kuitwa. Hii moja tunaiita.

Alitafuta kofia yake, akaigeuza.

— Mwenye kuacha wagon bila frein, yeye mwenyewe njo anakuwa frein. Anasimama pembeni ya wagon, jua ao mvua, mpaka kazi iishe. Hakuna wa kumubadilisha.

— Nani alimufundisha bwana yangu ile desturi?

— Minyi.

— Voilà.

Avoka aliinua kidole. — Na mbuzi yangu?

— Tata Kabeya, — Jeannine akasema, — si weye njo ulisema apate batoto mara moja, roho itulie? Amepata. Ukachunge bajukuu.

Hata shemasi, kama angekuwa pale, angecheka. Avoka alikaa. Mpaka leo anasema atafanya appel, atakata rufaa.

Gunia zikafika, zikapangwa mpaka karibu ya bati. Na ku mulango ya Jeannine, pa nafasi ya imbwa, alilala cheminot Florent, na mukeka, na koti yake ya kazi ya zamani, na fimbo. Kontrolere alikuwa ndani, ku moto ya jikoni, juu ya gunia laini. Mangaribi Mathilde anafika na sahani ya bukari na sombe, anagonga mulango.

— Mama Jeannine, yule wa kwako amebweka leo?

— Amebweka muzuri, mama.

— Basi ale.

Mvua ya mwisho ilimukuta pale inje. Mbu zilimukuta. Alikohoa ile kikohozi ya wazee yenye haitake kutoka, na akienda ku banc muchana alikuwa analala akiwa amekaa, maneno inapita mbele yake na hakuna yenye anagonga. Dunia alimuongezea sukari. Benye mihindi balifika kuangalia mali yabo, balikuta muzee mwenye kuuliza kila muntu jina yake, jina ya baba yake na anatafuta nini. Balisema huyu ni muzuri kupita ile imbwa. Hakuna gunia moja ilipotea.

Kontrolere akapona. Chloé alikuya, akamupapasa, akamuruhusu inje. Ile ya kuruka ukuta haikurudia. Mara moja moja anasimama katikati ya lupango, ananusa upepo, sawa muntu mwenye kukumbuka jina na haifike ku kinywa. Kisha analala. Makende hazikurudia, hata moja, sembuse tatu. Bijou alizala, na Avoka anatembea na batoto ba imbwa mu kikapo anatafuta wa kubapa.

Mulitaka kujua mwenye kosa alilipa nini, basi njo hiyo: alilipa usingizi yake ya musimu muzima ya mihindi, na kifua yake, yenye mpaka sasa inapiga filimbi akipanda mulima ya soko. Siku gunia ya mwisho ilitoka, alikunja mukeka, akasimama ku mulango, anangojea kitu. Jeannine alimupa mukono, alimuambia aksanti tata, akafunga mulango. Hata mufupa hakumupatia.